Viti vya Ukumbi na Kadi ya Miezi Saba

Wifi yangu hakai kwenye kiti kabla hajakibonyeza. Anaingia nyumbani kwa watu, anakaribishwa vizuri, na badala ya kukaa anaweka kiganja katikati ya kiti, anasukuma chini, anasikiliza. Wenyeji wanadhani anatafuta vumbi. "Sponji imekufa hii," atasema, tena kwa sauti, mwenye kochi akiwa amesimama pale pale na sinia ya chai mkononi. Nimechoka kumwombea radhi. Mtaani wanamwita Mama Sponji, na yeye amelipokea jina hilo kama cheo.

Naanza na haya ili mjue ni mtu wa namna gani, maana nikianza na mambo ya benki nitapandwa na hasira na hamtaelewa kitu.

Ni mke wa kaka yangu. Ufundi aliupata kwa baba yake, aliyekuwa akishona viti vya mabasi. Tangu akiwa msichana mdogo alikuwa akishika mkanda upande huu, mzee anavuta upande ule, mpaka fremu inalia. Tulipohamia nchi hii sisi watatu, mimi nilibeba nguo na vitana, kaka alibeba redio isiyofanya kazi, na wifi alibeba nyundo, mkasi mzito na sindano mbili zilizopinda. Mpakani askari aliziinua zile sindano akamuuliza anataka kumchoma nani. "Makochi," akajibu. Askari akacheka, tukapita.

Huu ni mwaka wa tisa. Kila mwaka tunapewa kadi ya kibali cha muda, ya mwaka mmoja, si zaidi. Kila mwaka tunapiga picha ile ile ya kukaza uso, tunaweka vidole vile vile kwenye kioo kile kile, kama vile vidole vyetu huwa vinaota vipya kila msimu wa mvua. Hatujawahi kunyimwa. Hatujawahi pia kupewa hata siku moja ya nyongeza. Tunalipa kodi ya nyumba, kodi ya biashara, ada ya taka, na ada ya kibali chenyewe, na zote hizo wanazipokea bila kuuliza kadi inaisha lini.

Karakana yake ni gereji iliyo chini ya nyumba tunayopanga. Mlango wa bati, taa mbili za mrija, meza ndefu ya kukatia, na harufu ya gundi ambayo imeshaingia mpaka kwenye mapazia ya wapangaji wa juu. Ukutani zimening'inia fremu za makochi yaliyovuliwa, mbao tupu na misumari. Ananunua makochi yaliyotupwa, anayavua, anabadilisha mikanda ya chini, anapanga springi upya, anaweka sponji, anavika kitambaa, anauza. Kochi aliloliokota jalalani ndilo nililolikalia nikiandika haya, na sina la kulilalamikia.

Shida ilikuwa cherehani. Alikuwa na cherehani ya nyumbani, ya kushonea magauni. Kwenye ngozi ya bandia inaruka mishono, inakata uzi, inavunja sindano. Penye tabaka nne alikuwa anaacha kabisa kukanyaga, anazungusha gurudumu kwa mkono, mshono mmoja mmoja, huku ameuma ulimi. Mimi ni msusi, najua kazi ya vidole, lakini ile ilikuwa adhabu.

Ndipo ikaja kazi ya ukumbi. Kuna ukumbi mkubwa wa harusi na mikutano karibu na barabara kuu, na msimamizi wake ni mama mmoja mfupi, mwenye funguo nyingi kiunoni, ambaye aliona viti vya saluni yangu akauliza nani kavivika. Nikamleta gerejini. Alikuwa na viti mia mbili vilivyochanika. Akaweka kimoja mezani, akamtazama wifi akikivua na kukivika, kisha akasema: "Hii ndiyo kazi ninayoitaka. Lakini kwa hii cherehani yako, dada yangu, mjukuu wangu ataolewa bado unashona. Pata mashine ya viwandani, niione inafanya kazi kabla ya mwezi ujao kuisha, na viti vyote ni vyako. Usipoipata, nitawapa kiwanda."

Wifi hakulala vizuri siku kadhaa kwa furaha. Hiyo kazi ilikuwa si viti tu. Ukumbi ule unaonwa na watu wote wa mji, kila harusi, kila mkutano. Aliyevika vile viti hatakosa kazi tena. Na aliyeikosa atabaki na makochi ya jalalani mpaka macho yamwishe. Alichokuwa anahitaji ni mashine, na sponji na ngozi ya kuanzia. Pesa ya mkopo wa kawaida, ambao benki inatangaza kwenye mabango kwa picha za watu wanaocheka.

Basi tukaenda benki. Nilimsindikiza kwa sababu yeye akikasirika ananyamaza, na mimi nikikasirika nasema, na nilijua pale kutahitajika mmoja wa kusema.

Afisa mikopo alikuwa kijana msafi, tai imekaa sawa, adabu tele. Alisoma hesabu za miaka mitatu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akatazama picha za makochi kwenye simu ya wifi, akauliza hata bei ya moja, kwa ajili ya mama yake. Nikaanza kupumua. Kisha akaomba kadi.

Aliigeuza mbele na nyuma, akaandika kwenye kompyuta, akasubiri, akaandika tena.

"Mama, kibali chako kimebakiza miezi saba."

"Ndiyo. Kitaongezwa. Kimeongezwa mara nane."

"Naelewa kabisa. Ila mkopo huu ni wa miezi ishirini na nne. Mfumo unakataa."

"Basi nipe wa miezi saba," akasema wifi.

"Wa miezi saba hatuna. Mfumo unaanzia kumi na miwili."

"Baba, kadi yenyewe ikiwa mpya kabisa ni ya miezi kumi na miwili," nikaingilia. "Akitoka kuichukua dirishani akaja hapa kwa miguu, tayari imeshapungua. Kwa hiyo mnamkopesha lini? Akiwa ndani ya ofisi yao, kidole bado kiko kwenye kioo?"

Kijana alicheka kidogo, kisha akaona sitanii.

"Dada, mimi binafsi ningempa. Ni mfumo."

Huyo mfumo! Nimeishi nchi hii miaka tisa na sijawahi kumwona. Angekuwa mtu ningemsubiri nje. Kila mtu ni mwema, kila mtu binafsi angetoa, ila kuna huyu mmoja asiye na uso ambaye anakataa kwa niaba ya wote, nao wanakunywa chai wakiwa na dhamiri safi. Nilimwambia hivyo hivyo. Mlinzi akasogea. Wifi akanishika mkono, akamshukuru kijana, akachukua kadi yake. Nje ya mlango alisema neno moja tu: "Sponji ya vile viti vyao ni ya bei ya chini." Nikajua ameumia.

Ofisi ya vibali walituambia kadi haiongezwi mpaka ibaki mwezi mmoja. Tukaeleza ya benki. Wakasema hayo ni ya benki. Tukaenda kwenye mfuko wa wanawake wajasiriamali, ambao mlangoni umeandikwa kuwa wote wanakaribishwa, na dirishani tukaambiwa wote maana yake raia wote.

Pale pale dirishani, labda kwa kutuonea huruma, wakatupa mwaliko wa semina ya wajasiriamali wageni. Sijui niliendea nini. Siku nzima kwenye chumba cha semina, mwalimu alitembea mbele na nyuma na kipaza sauti kidogo shavuni, akitufundisha kuota ndoto kubwa. Chumba kilijaa watu waliouza nyumba, waliovuka mipaka na watoto mgongoni, walioanza biashara kwa meza na mwavuli, na huyu bwana anatuambia tuthubutu! Mwanamke mmoja aliyekaa mbele, muuza samaki, akanyanyua mkono akauliza pesa ziko wapi. Mwalimu akatabasamu. "Pesa si tatizo," akasema. "Kikwazo kikubwa ni fikra zetu." Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi na naapa kilitaka kuruka chenyewe. Jioni tulipewa cheti, kofia na kalamu. Kofia ninaivaa nikifua.

Sasa mwenye nyumba naye alikuwa amesikia. Mwenye nyumba wetu ni mzee mpole, hajawahi kutupandishia kodi bila kutuarifu, na kwa hiyo sikutegemea alichokuja nacho. Alishuka gerejini asubuhi, akatandika leso juu ya sponji, akakaa.

"Mwanangu," akamwambia wifi, "mimi nina uraia, nina nyumba, benki wananipigia simu wao wenyewe. Nitachukua mkopo kwa jina langu. Mashine uifanyie kazi wewe, marejesho ulipe wewe. Ni jina tu."

"Asante, mzee. Na mkataba wa ukumbi?"

"Nao kwa jina langu, maana benki watautaka. Na kibao cha mlangoni tutakiandika upya. Wewe utakuwa kama fundi wangu. Kwenye karatasi tu."

"Na siku nikiondoka nchi hii?"

"Mashine utaniachia, mwanangu. Si itakuwa yangu?"

Alisema bila hila yoyote, na hilo ndilo lililonikata maini. Hakuwa anaiba. Aliona ni sawa kabisa kwamba mtu alipe mashine kila mwezi, aizungushe mpaka mgongo upinde, na mwishowe iwe ya mwingine, kwa sababu huyo mwingine alizaliwa upande huu wa mpaka. Wifi akamwomba muda wa kufikiri. Mzee alipopanda ngazi nikamwambia wifi akikubali simsemeshi tena maishani.

"Usinitishe," akasema, anachomoa pini za kochi kwa koleo, moja moja, anazidondosha kwenye kopo. "Una mashine ya kunipa? Huna. Bado zamu yangu ya mchezo. Nikiikosa hiyo, nitaandika jina la mzee, na wewe utaninunia huku nashona."

Nieleze mchezo. Sisi wapangaji wa nyumba ile na ya jirani, wote watu wa kadi, watu kumi na wawili, tunachanga kila mwezi, na kila mwezi mmoja anabeba zote. Hatujaandikiana chochote. Ndiyo benki yetu. Kwa mchezo huo kinyozi alifungua duka lake, mimi nikanunua viti vya saluni, na fundi bomba, ambaye ndiye mwenyekiti, alinunua pikipiki. Kaka yangu ndiye mweka hazina, kwa kuwa ni mtu wa kunyooka, amenyooka mpaka anakera.

Mzunguko huu ulikuwa umeingia nuksi. Aliyebeba mwezi wa pili alikuwa bwana mmoja tuliyemwita Kesho, kwa sababu ya ahadi zake. Safari hii hakutudanganya, masikini. Kadi yake ilikataliwa kuongezwa, akapandishwa gari akapelekwa mpakani, na michango yake yote iliyobaki ikaenda naye. Tuliumia sana. Basi mwezi wa tatu, mwenyekiti akiwa ameshabeba zamu yake, wakakutana wakatunga sheria: kuanzia sasa, mtu ambaye kadi yake haifiki mwisho wa mzunguko habebi mpaka wengine wote wawe wamebeba. Siku hiyo sikuwepo, nilikuwa namsuka bibi harusi. Nilipoambiwa jioni, niliisikia kwa sikio moja.

Zamu ya wifi ilikuwa mwezi wa nne. Jumapili mchana tukajazana chumbani kwa fundi bomba, wengine kitandani, wengine kwenye ndoo zilizopinduliwa. Kaka akapokea michango, akaifunga kwenye mfuko, akauweka mapajani. Nilimwona hamtazami mkewe. Alikohoa.

"Zamu ni ya Mama Sponji," akasema. "Ila kuna ile sheria. Kadi yake imebakiza miezi sita. Mzunguko umebakiza tisa. Kwa hiyo... anaenda mwisho."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamtazama wifi. Alikuwa ametulia, mikono juu ya magoti, na macho yake yako kwenye ule mfuko.

"Kaka," nikasema, "rudia."

"Sheria ni sheria. Siwezi kumpendelea mke wangu. Mtasemaje?"

"Ungemwambia nyumbani!"

"Nilishindwa."

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Ya benki nilikuwa nimeyameza, ya mwenye nyumba nimeyameza, kwa sababu hao ni wengine. Hawa ni sisi. Hawa ndio waliopanga foleni nasi alfajiri kwenye ofisi ya vibali, wanaojua baridi ya ile sakafu, nao wamekaa kwenye ndoo zao wanamuuliza wifi yangu kadi inaisha lini! Kwa maneno yale yale. Ilibaki mmoja aseme mfumo.

Nikasimama katikati ya chumba. "Toa kadi yako, kaka."

"Ya nini?"

"Toa!"

Akatoa. Nikaiweka juu ya stuli. Miezi sita, kwa sababu yeye na mkewe walipigwa picha siku moja. Nikatoa yangu: mitano. "Kinyozi, yako." Kinyozi akasitasita, akaileta: mitatu. "Mwenyekiti, uliyebeba mwezi uliopita ukanunua matairi mapya. Yako." Fundi bomba akapapasa mifuko yote akijua fika iko wapi. Wiki sita. Nikazunguka chumba kizima, mmoja mmoja. Wengine walizitoa kwa hasira, wengine kwa aibu. Dada wa mapishi, aliyejigamba kuwa yake ni mpya, yake ilikuwa na miezi minane na nusu.

Hakuna hata moja iliyofika tisa. Ingefikaje? Kadi ni ya mwaka, mchezo ni wa mwaka. Ila kila mmoja alipoinua mkono kuipitisha ile sheria, alikuwa na hakika kadi yake itaongezwa, maana yeye ni mtu mwema na mchapakazi. Ya jirani ndiyo aliyoitilia shaka.

"Haya, jipangeni," nikasema. "Nyote mnaenda mwisho. Nataka nione foleni ya watu kumi na mmoja wote wakiwa wa mwisho. Mwenyekiti, rudisha matairi."

Dada wa mapishi akaangua kicheko, akaziba mdomo kwa mtandio. Hakuna mwingine aliyecheka.

"Wewe unapiga kelele tu," akasema kinyozi. "Mimi, yule Kesho alikwenda na pesa yangu ya kodi. Nililala dukani. Unadhani naogopa kwa kupenda?"

Hilo nalo lilikuwa kweli.

Wifi ndiye aliyejibu. Alizungumza polepole, na wote wakainamisha vichwa ili wasikie.

"Hata mimi niliinua mkono siku ile. Niliogopa kama wewe. Lakini sikilizeni. Mimi sitaki pesa ya kula, nataka mashine. Mashine ina uzito wa watu wawili, mtu hapandishwi nayo gari. Wakinipeleka mpakani, itabaki gerejini. Uzeni, mgawane. Kabla ya hapo ni yangu, kwa jina langu. Mkikataa, mwenye nyumba ameshanipa kalamu ya kuandika jina lake, na nitaandika. Mtanipita kila siku pale mlangoni mnione nimekuwa kibarua kwenye karakana yangu."

Fundi bomba alikuna kidevu. Kisha akachukua kadi yake pale kwenye stuli, akaitia mfukoni, akamwambia kaka: "Mpe mkeo pesa zake, bwana. Tusizidi kujidhalilisha."

Kinyozi aligeuza uso dirishani. Kaka akainuka na mfuko, akaukabidhi kwa mikono miwili, na machozi yalikuwa yanamtoka. Wifi akaupokea, hakumtupia hata jicho. Kwa wiki nzima kaka alipikiwa, alifuliwa, na hakusemeshwa. Mimi nilimsemesha, ili nimwambie nilichokuwa nacho rohoni. Nimempenda kaka yangu tangu nipate akili, lakini kuna sehemu ya ile Jumapili ambayo bado sijamsamehe.

Mashine aliipata kwa mtu aliyekuwa akishona maturubai, imetumika lakini nzima, chuma kitupu. Wanaume wanne waliishusha, na mmoja wao alikuwa kinyozi, aliyekuja bila kuitwa na kuondoka bila kuaga. Wifi akachukua kipande cha ngozi ya bandia, akakikunja mara nne, akakikunja tena, akakanyaga. Sindano ikapita mpaka mwisho bila kukwama. Akazima mashine. Akafunika uso kwa kile kipande cha ngozi, na mabega yakawa yanaruka. Nikamwacha.

Pesa ya mchezo iliishia kwenye mashine. Ya sponji na ngozi haikuwepo. Basi wifi akamwita mama wa funguo, akamwonyesha mashine inavyoshona, kisha akamwambia wazi kwamba hana mtaji wa viti mia mbili, ana wa viti ishirini, tena wa kukopa dukani. "Nikuletee ishirini, unilipe ishirini, ninunue vya ishirini vingine. Ukiona nimeharibu, tuachane hapo." Yule mama akatikisa funguo zake akifikiri. Akasema kiwanda kisingekubali kulipwa kidogo kidogo hivyo, na yeye mwenyewe anapendelea hivyo, maana haendi kuomba pesa nyingi kwa wakubwa wake mara moja. Wakapeana mikono.

Akashona. Gereji ilijaa viti mpaka nje. Kaka akirudi kutoka kazini jioni alikuwa anavua vitambaa vya zamani na kuhesabu pini, kwa hiari yake, akiomba msamaha kwa mgongo. Mimi nilikata mikanda siku zisizo na wateja. Mwenye nyumba alipita, akasimama, akasema mashine nzuri. "Ndiyo, mzee," wifi akamjibu, "ni yangu." Akaitika kwa kichwa, akapanda ngazi zake.

Na kila kundi la viti lililotoka, kadi ilikuwa inapungua. Hilo hatukulisema, ila lilikuwemo humo ndani nasi. Vilipobaki viti vya mwisho, kadi ilikuwa na miezi miwili. Fundi bomba alikuwa ameitwa kuongeza yake, akakaa siku kumi bila jibu, na nyumba nzima ilitembea kwa vidole mpaka alipoipata. Ya mwaka mmoja.

Siku ya kukabidhi nilifunga saluni nikaenda naye. Viti vimepangwa ukumbini safu kwa safu, vyekundu, mishono imenyooka. Mama wa funguo alitembea katikati yake, akakaa hapa, akakaa pale, akainua kimoja akakipindua, akavuta kitambaa kwa kucha. Hakupata kitu. Akalipa kilichobaki, akatoa karatasi kwenye faili.

"Bado waranti," akasema. "Wakubwa wangu hawapokei bila waranti. Ni kawaida tu. Mshono ukifumuka, sponji ikilala, unarudi kurekebisha bila malipo. Huwa tunaandika miaka miwili."

Miaka miwili. Miezi ishirini na nne ile ile. Nchi nzima haikuthubutu kumwamini kwa muda huo, lakini viti vyao waviegemeze kwake miaka miwili, na huko ni kawaida tu! Nilifungua mdomo. Nilikuwa na mengi, na safari hii hakukuwa na mlinzi wa kunisogelea. Wifi akanikanyaga mguu.

Alichukua karatasi, akaisoma mpaka chini. Akaiweka juu ya kiti cha safu ya mbele, akapiga magoti, akafuta kwa kalamu mahali palipoandikwa miwili, akaandika juu yake.

Mama wa funguo akavaa miwani. "Mitano?"

"Mitano."

"Mbona mingi hivyo? Hakuna aliyekuomba."

"Najua," akasema wifi. "Wananipa mmoja mmoja. Mimi nawapa mitano."

Yule mama hakuelewa, lakini alifurahi. Akapiga muhuri, akauliza ikitokea shida wamtafute wapi. Wifi akasimama, akapangusa magoti, akamwelekeza: barabara ile, nyumba ile, mlango wa bati, ulizeni Mama Sponji.

"Nitakuwepo," akasema.